Wizara isipokee programu ya Kifaransa peke yake

Tangu Machi 2023 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina sheria inayosimamia mambo ya kidijitali, na huduma za umma zinahamia mtandaoni moja baada ya nyingine. Karibu zote zinakuja kwa Kifaransa tu.

Mfanyabiashara wa Uvira anayevuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura hununua, huuza na hukopa kwa Kiswahili. Akikutana na fomu ya serikali kwenye simu, hutafuta mtu wa kumjazia, humlipa, kisha huthibitisha maelezo asiyoweza kuyasoma. Kukiwa na kosa, anayewajibishwa ni yeye, si aliyeandika fomu.

Katiba ya 2006 haina utata. Ibara ya 1 inataja Kilingala, Kikongo, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na kuiagiza dola izikuze bila ubaguzi. Ibara ya 142 inaipa serikali siku 60 kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne. Mwenye wajibu wa kufasiri sheria nzima hawezi kulalamikia maneno ya fomu moja.

Kisingizio cha ufundi hakisimami. Kiswahili cha Kongo kina alama yake, sw-CD, katika hazina ya Unicode inayotumiwa na simu na kompyuta duniani kote. Ugumu hutokea pale mtengenezaji anapochanganya maandishi na msimbo, hata kuongeza lugha kukadai programu ifumuliwe. Maandishi yakitengewa faili lake tangu mwanzo, kazi inabaki ya mfasiri. Wala asitokee wa kuiachia mashine kazi hiyo na kudai imekwisha: mashine huandika Kiswahili sanifu, na wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 huko Kivu ya Kaskazini ilidhihirika kwamba Kiswahili sanifu peke yake hakikueleweka vya kutosha. Matini ya Uvira yapimwe na watu wa Uvira, kabla ya kuchapishwa.

Wizara inayohusika na mambo ya kidijitali isilipe programu yoyote isiyo na lugha zote nne, na kila mkataba utaje afisa atakayejibu lugha ikikosekana. Zilizopo zirekebishwe, kwa kuanza na za forodha na kodi. Wabunge wa Uvira na Fizi wamtake waziri aweke mezani mikataba yote iliyotiwa saini tangu 2023, na aeleze ni nani aliyeipitisha bila sharti hilo. Siku 60 zinamtosha kujibu.