Basi Kabla Halijawa Basi

Kwenye maeneo ya viwanda Nairobi unaweza kukutana na basi likitembea kabla halijawa basi: magurudumu, injini, usukani, dereva kajifunika uso kwa kitambaa kwa ajili ya vumbi, na nyuma yake boriti mbili ndefu za chuma zilizoungwa kwa vipande vya kukingama. Hiyo ndiyo chesesi. Inapelekwa kwa wajenzi wa bodi, na ikitoka huko ina viti, madirisha na jina kubwa ubavuni. Nyingi ni za lori, ndiyo maana abiria wa kiti cha nyuma hukijua kila kishimo cha njia.

*

Matajiri wa Uingereza nao walinunua hivyohivyo. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, Rolls-Royce iliuza chesesi yenye injini tu. Bodi mteja alijitafutia kwa mafundi kama Hooper au Barker, kama mtu anayenunua kitambaa kisha akaenda kwa mshonaji. Ndiyo sababu wapenzi wa magari ya kale wa huko hulitaja gari kwa namba ya chesesi. Rolls-Royce Silver Ghost ile ya 1907, yenye bodi ya Barker, kwao ni 60551.

*

Kiingereza kinanichekesha hapa. Lancia Lambda ya 1922, kisha Citroën Traction Avant ya 1934, ziliachana na boriti zile. Bodi yenyewe ikabeba uzito. Magari mengi madogo ya leo yako hivyo. Lakini waandishi wa magari wa Uingereza bado husifu chesesi ya gari lisilo nayo, wakimaanisha jinsi springi, usukani na breki vinavyoelewana kwenye kona. Fundi wa redio huita hivyo bati linaloshikilia saketi, na wa kompyuta huita hivyo sanduku la seva. Wingi wa neno lao hilo, chassis, nao hauongezewi herufi: moja au kumi, huandikwa vilevile, tofauti ikasikika mdomoni tu.

*

Corolla isiyo na boriti ina namba ya chesesi hata hivyo, imegongwa kwenye bati la bodi. Kiwango cha kimataifa ni herufi na tarakimu 17, bila I, O wala Q, zisije zikadhaniwa 1 au 0. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, yaliyojaa Mombasa na Dar es Salaam, yana namba fupi: alama ya modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Wakenya wamezifanya alama hizo majina ya mtaani. "NZE" ni mwanzo wa NZE121, NZ ikiwa familia ya injini na E ikiwa Corolla. "110" imetoka AE110.

Ukinunua gari lililotumika, anzia kwenye namba ya chesesi kabla hujasifu rangi au kuwasha redio. Namba ya kwenye bati na ya kwenye kadi ya gari zifanane, na pembeni mwa herufi pasiwe na alama ya tupa wala ya kuchomelea. Muuzaji akikuambia kutu ndiyo iliyoifuta, mwachie gari lake.