Zuia Malipo Kwanza: Kilomita za Dashibodi Zinashushwa

Kama umeshaliona gari, umeshalipenda, na kinachokusukuma kutoa hela ni kilomita chache zinazosomeka kwenye dashibodi, zuia malipo kwanza. Usitoe hata kishika uchumba. Namba hiyo inashushwa, na inashushwa hapa hapa mjini, kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Gari lililotembea kilomita 210,000 linaingia uani asubuhi, kabla ya saa sita linatoka likisoma 78,000, na hakuna nati hata moja iliyofunguliwa.

Zamani mita zilikuwa na namba za kuzunguka. Aliyetaka kuzirudisha nyuma alilazimika kufungua dashibodi, na mara nyingi tarakimu zilibaki zimepinda, mzoefu akaziona. Mita za kidijitali zimefuta alama hiyo. Kilomita zimeandikwa kwenye chipu, na mwenye kifaa anaandika anachotaka. Kwenye magari mengi ya Ulaya ile namba ya kweli hubaki pia kwenye kompyuta nyingine za gari, wakati mwingine hata kwenye ufunguo, kwa hiyo fundi mwenye mashine nzuri ya kupima anaweza kuifichua. Kwenye IST, Vitz na Passo za miaka ya 2000, ambazo ndizo wengi wetu tunazimudu, usitegemee hilo.

Kinachonitia hofu sasa ni kwamba mchezo huu umeshavuka bandari. Umeingia kwenye magari yaliyokwisha kufanya kazi hapa nchini, hasa ya teksi mtandao. Piga hesabu mwenyewe: dereva anayezunguka Dar es Salaam kilomita 150 kwa siku, siku 6 kwa wiki, anamaliza karibu kilomita 47,000 kwa mwaka. Miaka 3 ya mkataba inakaribia 140,000, juu ya zile ambazo gari lilikuja nazo. Mkataba ukiisha gari linaoshwa injini, linavalishwa viti vipya, linapigwa picha jioni jua likiwa zuri, na dalali anakwambia lilikuwa la mama mmoja, la kwenda kazini na kanisani tu. Upande wa pili yupo muuzaji mkweli mwenye gari linalosoma 165,000, kila moja ya halali. Anakaa miezi bila mteja, mpaka dalali yule yule anamshauri azishushe kidogo ili gari liuzike. Kila mnunuzi anayelipia namba bila kuuliza karatasi anamsukuma muuzaji mkweli kama huyo kufanya vivyo hivyo.

Fikiria Desemba. Huu ndio msimu ambao watu wananunua gari la kwenda nalo nyumbani, Moshi, Arusha, Tanga, Bukoba. Wananunua wiki ya kwanza, wiki ya tatu wanapakia watoto na mizigo na kushika njia. Hapo ndipo kilomita za uongo zinapoacha kuwa hasara ya fedha peke yake.

Chukua mfano wa Subaru Forester. Nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2010 zina injini ya EJ20, na injini hiyo inatumia mkanda wa taimingi, si cheni. Mkanda huo unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Sasa gari limetembea 195,000 kwa kweli, lakini linasoma 75,000. Mnunuzi anajihesabia kuwa ana kilomita 25,000 mbele yake kabla ya kufikiria mkanda. Ukweli ni kwamba zimebaki 5,000, na hapo ni kama mwenye gari wa kule Japani aliubadilisha ule wa kwanza kwa wakati. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, injini inazima papo hapo. Kwenye injini nyingi za aina hii pistoni zinagonga valvu na kuzipinda. Usukani unakuwa mzito ghafla, na breki, baada ya kukanyagwa mara chache, inakuwa ngumu kama ukuta. Fikiria hilo likitokea kati ya Segera na Mombo, familia ndani, basi likiwa nyuma yako.

Na si mkanda tu. Mafuta ya gia boksi, maji ya breki, mipira ya rejeta, boljointi, bushi, vyote vina umri unaohesabiwa kwa kilomita. Ukidanganywa kilomita, umedanganywa ratiba nzima ya kulitunza gari.

Kwa hiyo anza na karatasi. Gari linalotoka Japani lina historia iliyoandikwa, na wauzaji wengi wanaomba usijue hilo. Huko kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari jipya la binafsi linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita zinaandikwa. Gari likiondoka nchini hutolewa cheti cha usafirishaji nje, ambacho mawakala wa forodha wanakiita ekspoti setifiketi, na ndani yake huwa kuna kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Mwambie muuzaji akupe nakala. Akisema ilibaki mamlaka ya mapato, TRA, wakati wa usajili, wakala aliyelitoa gari bandarini kwa kawaida hubaki na nakala yake, na simu moja inatosha kuipata. Linganisha namba ya chasisi kwanza, halafu kilomita. Kama cheti kinasema 131,000 na dashibodi inasema 82,000, mazungumzo yameisha hapo. Usibaki kupatana bei.

Karatasi ya mnada inasaidia pia, lakini picha yake kwenye simu ya dalali isikutoshe, kwa sababu ni rahisi mno kughushi. Zipo huduma zinazoitafuta karatasi halisi kwa namba ya chasisi kwa malipo madogo. Ukiipata, angalia na daraja la gari: herufi R au RA maana yake lilipata ajali likatengenezwa.

Umri nao unasema kitu. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Wanaofanya biashara ya magari Japani huchukulia kilomita 10,000 kwa mwaka kuwa matumizi ya kawaida. Ya mwaka 2005 ikishuka bandarini 2024 ikisoma 58,000, unaambiwa ilitembea kama kilomita 3,000 kwa mwaka. Inawezekana, wazee wa vijijini kule wanaendesha hivyo. Lakini anayekuambia habari hiyo ndiye mwenye kazi ya kuithibitisha kwa cheti.

Ndugu zetu wa Kenya wasijione salama kwa sababu kwao gari lenye zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Probox ya miaka 7 iliyokuwa ikisambaza bidhaa za kampuni inaweza kuwa imetembea mara nyingi zaidi ya Premio ya mstaafu yenye miaka 15. Rekodi za NTSA, mamlaka yao ya usafiri na usalama barabarani, zitakuambia gari ni la nani, na hilo ni muhimu sana, ila hazikuambii limetembea kiasi gani. Kwa magari yanayotoka Uingereza, Discovery na Range Rover kwa mfano, kazi ni nyepesi: historia ya ukaguzi wao wa kila mwaka, MOT, iko wazi bila malipo kwenye tovuti ya serikali yao, na kilomita (kwao ni maili) za kila ukaguzi zimeorodheshwa. Unachohitaji ni namba ya gari ya kule. Muuzaji asiyetaka kuitoa ameshakujibu.

Baada ya karatasi, tumia macho. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya mlango. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika hapo, au chini ya boneti, kijikaratasi cha oili chenye tarehe na kilomita. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu na herufi km unazisoma bila shida. Mwaka huenda ukaandikwa kwa kalenda yao: mwaka 28 wa Heisei ni 2016, kwa maana unajumlisha 1988; mwaka 3 wa Reiwa ni 2021, unajumlisha 2018. Kibandiko cha mkanda wa taimingi hukaa kwenye chumba cha injini. Ukikuta kinasema mkanda ulibadilishwa kwenye 103,000 na dashibodi inasoma 72,000, huna haja ya mashine yoyote. Na ukikuta mahali pamekwanguliwa, gundi bado inanata vumbi, jiulize nani alikuwa na haraka ya kukiondoa.

Tazama mpira wa pedeli ya breki. Vua kava la usukani, hasa kama ni jipya, upapase pale mikono inaposhika. Vuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho uone kingo zake zimechanika nyuzi kiasi gani. Kaa kitini na uangalie ukingo wa upande wa mlango, ule unaosuguliwa kila mtu anaposhuka. Gari la 70,000 haliwi na kiti kilicholala upande mmoja.

Halafu nenda asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Kama ni ya moto, rudi siku nyingine. Injini iliyochoka hujitangaza dakika ya kwanza, kwa moshi wa bluu au mlio wa cheni, na ikishapata joto dalili hizo zinaweza kupotea kabisa. Nenda na fundi wako, si fundi aliyeletwa na dalali, na umlipe wewe mwenyewe hata kama hununui.

Sisemi ukimbie gari lenye kilomita nyingi. IST ya 180,000 yenye risiti za oili, gia boksi inayobadilisha bila kugonga na rejeta yenye kulanti safi, ningeichukua mbele ya ile ya 64,000 isiyo na karatasi hata moja. Injini yake ya cheni, ikipata oili kwa wakati, bado ina miaka. Kilomita nyingi zinazojulikana unaweza kuzipangia bajeti. Zilizofichwa zinakupangia zenyewe.

Nchi nyingine zimeshaumia na tatizo hili. Marekani, ambako kuchezea mita ni kosa la shirikisho tangu 1972, mamlaka ya usalama barabarani inakadiria kuwa magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka yakiwa na kilomita za uongo. Ubelgiji waliweka utaratibu wa Car-Pass mwaka 2006: kila gereji inayogusa gari inaripoti kilomita, na muuzaji haaminiwi kwa mdomo, anatoa cheti. Hapa kwetu kila gari linakata bima kila mwaka. Kuandika kilomita siku hiyo na kumwezesha mnunuzi kuziona si mradi mkubwa, na nawasihi wahusika wauanze kabla uongo huu haujawa desturi.

Wakati hilo halijafanyika, weka ulinzi kwenye mkataba. Mbele ya wakili, andikeni kilomita zinazosomeka siku ya mauziano, na sentensi kwamba muuzaji anathibitisha hazijabadilishwa, na ikibainika vinginevyo atarudisha fedha. Sentensi hiyo inafanya kazi kabla hata ya kusainiwa: mwenye gari safi anasaini, mwingine anaanza kulalamika kwamba humwamini. Ukidanganywa, Tanzania ipo Tume ya Ushindani na Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji; Kenya ipo Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012.

Kwa aliyekwisha kununua na sasa ana mashaka: lichukulie gari lako kuwa limetembea 200,000. Kabla ya safari yoyote ndefu badilisha mkanda wa taimingi kama linao, pamoja na pampu ya maji. Kagua breki, mipira, boljointi na tairodi. Badilisha mafuta ya gia boksi kwa aina inayotakiwa na gari hilo, hasa kama ni CVT. Anza daftari lako leo, tarehe, kilomita na risiti. Na siku ukiliuza kabla hujapata ukweli wake, andika kwenye mkataba kwamba kilomita halisi hazijulikani.