Risala ya Wakazi wa Sachangwan kuhusu Maegesho ya Malori na Nyumba ya Jamii

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru. Kwa Spika na Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA. Nakala kwa Kamishna wa Kaunti.

Waheshimiwa,

Sisi tunaoleta risala hii ni wakulima wa viazi, njegere na kabeji, wachuuzi wa kando ya barabara, wahudumu wa bodaboda, akina mama wa vyama, vijana wa mpira na wazee wa Nyumba Kumi wa Sachangwan. Tunaileta kwa haki tuliyopewa na Kifungu cha 37 cha Katiba, kinachomruhusu kila mtu kukusanyika kwa amani na kuwasilisha malalamiko yake kwa mamlaka za umma. Hatukuja kupinga barabara. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua kazi ya kuipanua barabara ya Rironi, Naivasha, Nakuru hadi Mau Summit, na sisi tuko juu ya mstari huo. Barabara ikipanuliwa, thamani ya kila kipande cha ardhi kando yake hupanda, na kipande kisicho na mtu wa kukisemea ndicho huchukuliwa kwanza. Kwa hiyo tunataka swali la pa kukutania wenyeji liulizwe siku ile ile linapoulizwa swali la pa kuegesha magari, si baada yake.

Tuanze na upande wa magari, maana hatutaki kuambiwa kwamba hatuuelewi. Sachangwan iko juu, kwenye baridi na ukungu, na kutoka kwetu kwenda Salgaa barabara inateremka mwendo mrefu. Lori lililobeba mzigo wa Ukanda wa Kaskazini, kutoka Malaba likirudi Mombasa, linafika hapa dereva akiwa amechoka na breki zikiwa zimefanya kazi kubwa. Wako madereva wanaotoa gia kwenye mteremko huo ili kuokoa mafuta, wakaliacha lori lijiendee kwa uzito wake. Tumeona mwisho wake. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori yaligongana pale Migaa wakafa watu 36, baada ya mwezi mzima wa vifo kwenye kipande hicho hicho. Ndipo zikaja kuta za zege za kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka, na tunashukuru kwa kuta hizo. Lakini ukuta haumpumzishi dereva. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva wa lori haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45, na sheria ya namna hiyo haina maana mahali ambapo hakuna pa kusimama. Dereva asiyekuwa na pa kusimama husimama ukingoni mwa lami, trela nusu ndani nusu nje, na mtoto wa shule anayetaka kuvuka hawezi kuona kinachokuja nyuma yake.

Kwa hiyo tunasema wazi: maegesho ya malori yanahitajika juu ya mteremko huu, na yanahitajika haraka. Madereva na matanboi ni wateja wetu, wanakula kwenye hoteli zetu, wananunua viazi na karoti wapeleke nyumbani kwao. Wengine ni watoto wetu.

Tunachokataa ni maegesho hayo kuletwa katikati ya makazi, kwenye ardhi ya umma ambayo ndiyo pekee inayobaki kwa wenyeji kukutana, eti kwa kuwa iko tambarare na haina mwenyewe.

Sachangwan haihitaji kufundishwa maana ya lori la mafuta kusimama karibu na watu. Jumamosi ya tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka hapa kwetu. Watu walikwenda kuchota, kama watu wa mahali popote penye umaskini wangekwenda, na moto ukalipuka katikati yao. Zaidi ya watu mia moja walikufa na wengine wengi wakabaki na majeraha ya maisha. Wako ambao miili yao haikutambulika, wakazikwa katika kaburi la pamoja. Nchi ilikuwa bado inalia kwa moto wa duka kubwa la Nairobi uliotokea siku tatu tu kabla. Tangu siku hiyo hakuna mtu mzima wa Sachangwan anayesikia kwamba malori yatalala mita chache kutoka mahali wanapokutana akina mama na watoto, kisha akalala usingizi. Mpangaji wa mji anaweza kuliona hilo kama suala la nafasi na vipimo. Kwetu ni suala la waliokufa, na tunaomba lichukuliwe hivyo mezani penu.

Na miaka kumi na minne baadaye, tarehe 30 Juni 2023, katika Makutano ya Londiani, mbele kidogo ya Mau Summit, lori lililopoteza mwelekeo liliwavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, wakafa watu zaidi ya hamsini. Amri iliyofuata ilikuwa wachuuzi waondoke kando ya barabara kuu. Amri ya namna hiyo tunaielewa, lakini ina nusu moja tu. Mtu akiambiwa aondoke lazima aambiwe aende wapi. Asipoambiwa, atarudi pale pale baada ya wiki mbili, kwa sababu watoto wanahitaji karo na kabeji haziwezi kungoja. Soko, steji na mahali pa kukutania, vyote vikikosa nafasi iliyopimwa, hujibana kwenye ukingo wa lami, na hapo ndipo lori huvikuta.

Sasa tuseme habari ya nyumba ya jamii, maana tunajua wako watakaouliza kama watu wa kijiji cha barabarani wana haja ya klabu. Tunazungumzia mahali penye paa, viti, choo na uwanja kidogo, pasipo pa dhehebu moja wala chama kimoja cha siasa. Mahali ambapo chama cha akina mama kinahesabu pesa bila kusimama kwenye mvua. Mahali ambapo vijana wanaorudi kutoka shambani saa kumi wanaweza kucheza, kusoma, kutazama mechi pamoja, badala ya kumalizia jioni kwenye vibanda vya pombe. Mahali pa baraza la chifu, pa mkutano wa matanga, pa harambee ya hospitali. Kanisa hutusaidia, shule hutusaidia, lakini mlango wa kanisa una waumini wake na shule hufungwa likizoni.

Liko jambo zito zaidi. Eneo la Molo lilichomwa mwaka wa 1992, na likachomwa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Majirani waliokuwa wakisaidiana kuvuna walikimbiana. Waliorudi walirudi kwenye mashamba yao, kila mtu nyuma ya ua wake, na amani tuliyo nayo leo ilijengwa na watu walioketi pamoja: Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii na wengine, kwenye mabenchi yale yale, wakibishana juu ya njia ya maji na ng'ombe aliyepotea hadi wakazoeana upya. Kila baada ya miaka mitano kuna msimu wa uchaguzi, na msimu huo ukifika tunahitaji mahali pa kuitana haraka kabla uvumi haujawa moto. Mahali hapo pakigeuzwa kuwa uwanja wa trela, tutaitana wapi? Hatusemi hivi kwa kutishia mtu. Tunasema kwa sababu tumeyaishi.

Kisheria, waheshimiwa, mzigo wote uko mikononi mwenu, na hili tumelisoma wenyewe. Jedwali la Nne la Katiba, katika orodha ya kazi za kaunti, limeweka maegesho na usafiri wa umma pamoja na taa za barabarani katika fungu moja, na fungu linalotangulia hilo limeweka viwanja na vifaa vya michezo, utamaduni na burudani. Mamlaka ni moja. Idara ya usafiri haiwezi kusema kwamba ukumbi si kazi yake, na idara ya michezo haiwezi kusema kwamba maegesho yalipangwa na wengine, kwa kuwa zote mbili humjibu Gavana mmoja na hupitishiwa bajeti na Bunge moja la Kaunti. Barabara kuu ni ya Serikali ya Kitaifa, na maegesho ya malori ya masafa marefu ni sehemu ya barabara hiyo. Gharama yake na ardhi yake vitafutwe huko, wala mzigo wa biashara ya nchi nne au tano usitupwe kwenye kiwanja kimoja cha Sachangwan. Nacho Kifungu cha 62 kinasema ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikiliwa kwa niaba ya wakazi wake. Sisi ndio wakazi hao.

Hatujasahau pia kwamba tamaa ya kugeuza viwanja vya umma kuwa maegesho ni ya zamani. Mwaka wa 1991 palikuwa na mpango wa kuijenga Bustani ya Jeevanjee mjini Nairobi iwe jengo la ghorofa la kuegesha magari na maduka. Bustani hiyo ilitolewa kwa wakazi wa mji na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka wa 1906. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama na wananchi wakasimama naye, na mpango ukaachwa. Leo ukipita hapo mchana utakuta watu wamepumzika chini ya miti, wengine wakihubiri, wengine wakibishana siasa, na mji haukufa kwa kukosa maegesho hayo. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi walipoandamana kutetea uwanja wao wa kuchezea uliotakiwa kwa maegesho, na aibu ile ilitazamwa na dunia nzima kabla uwanja haujarudishwa. Nairobi ina wanaharakati, mawakili na kamera. Sachangwan ina risala hii. Ndiyo maana tunaileta mapema, kabla ya tingatinga, wakati ramani bado inaweza kusahihishwa kwa penseli.

Tunadai basi, kwanza kabisa, ardhi yote ya umma ya Sachangwan ipimwe, mipaka iwekwe na isajiliwe, na sehemu ya nyumba ya jamii na uwanja wake iandikwe kwa matumizi hayo kabla ya uamuzi wowote wa maegesho. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 iliionyesha nchi jinsi ardhi ya umma ilivyopotea, na kiwanja kisicho na hati ndicho rahisi zaidi kupotea. Mahali pa kumbukumbu ya waliokufa mwaka wa 2009 pasiguswe kwa shughuli yoyote ya magari.

Maegesho ya malori yajengwe nje ya makazi, kabla ya mteremko, pembezoni mwa barabara kuu na kama sehemu ya ujenzi wake: yenye taa, vyoo, maji, ulinzi na sakafu ngumu isiyogeuka matope mvua za Aprili zikianza. Malori ya mafuta yatengewe sehemu yao, mbali na nyumba, mbali na vibanda vya chakula, na kuwe na vifaa vya kuzima moto na watu waliofunzwa kuvitumia. Barabara hii imepangwa kuwa ya kulipia. Basi sehemu ya ada hiyo igharamie huduma hii, kwa kuwa inamlinda anayelipa kama inavyotulinda sisi.

Kuhusu magari madogo tuko tayari kukaa na kukubaliana, na hapa tunasema kwa moyo mweupe kwamba sisi wenyewe tunayahitaji maegesho. Mkulima anapaswa kuwa na mahali pa kusimamisha pikapu akipakia viazi. Matatu zinahitaji steji iliyo ndani, si ukingoni, na bodaboda zinahitaji banda. Siku za soko ukingo wa uwanja wa jamii unaweza kupokea magari madogo kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni, kisha uachwe kwa vijana. Hilo tunalikubali, kwa masharti kwamba lori lolote la tani nyingi halitaingia humo hata kwa saa moja, kwamba siku ya baraza au matanga magari hayataingia kabisa, na kwamba pesa zitakazotozwa hapo zitumike kwanza kutunza jengo lenyewe, hesabu zake zikibandikwa ukutani tuzisome.

Na kama mstari wa barabara utalazimika kupita juu ya jengo lolote ambalo wenyeji hulitumia kukutania, basi lisibomolewe hadi jipya liwe limesimama, lina mlango, paa na choo. Ahadi ya fidia bila jengo hatuipokei. Pesa huliwa, na kizazi cha vijana hakisubiri.

Mkutano wa kushirikisha umma kuhusu mambo haya ufanyike hapa hapa Sachangwan, kwa Kiswahili, siku ambayo si ya soko wala ya ibada, na tangazo litolewe wiki mbili kabla, kwenye mbao za matangazo na kwa chifu, si kwenye gazeti lisilofika huku. Mhandisi aje na ramani kubwa, aitandike chini, atuonyeshe kwa kidole lori litasimama wapi na mama mboga atasimama wapi. Tunaomba jibu la risala hii kwa maandishi katika muda wa siku thelathini, likitaja jina la ofisa atakayeshughulikia kila dai na fungu la bajeti litakalotumika.

Ni sisi wakazi wa Sachangwan, tuliotia sahihi na alama za vidole katika kurasa zilizoambatishwa.