Punda Mgeni Nyumbani



Ndugu wasomaji, juma hili twaomba ruhusa tuzungumze habari za nyumba yetu wenyewe, kwani funzo tulilolipata tumeona si vema kulifungia mlango.

Miezi mitatu kabla ya Mfungo Sita, Mwenyezi Mungu alituruzuku punda dume wa kijivu, mwenye umri wa miaka mitatu na ushei. Katika mji wetu wa Lamu, ambao vichochoro vyake havipitishi gari, punda ndiye mchukuzi wa mchanga, mawe na saruji, nasi riziki yetu imo mgongoni mwake. Watoto walimpokea kama apokewavyo bwana harusi. Mmoja alimtekea maji, mwingine akamkatia majani, na kijana wetu wa miaka 13 akamwita Shababi, akatangaza mtaa mzima kuwa Maulidi yakifika atampanda mashindanoni.

Msomaji asiyepata kuyahudhuria Maulidi ya Lamu na ajue kwamba pamoja na visomo na dhikri katika Msikiti Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, huwapo pia mbio za punda kandokando ya pwani. Vijana hupanda bila tandiko, watu hujaa ukingoni, na mshindi hutajwa barazani siku nyingi baadaye. Kwa kijana wa hapa, hiyo si heshima ndogo.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hata hiyo ya tatu hatukuingoja. Tulikuwa na kazi ya kupeleka saruji kwenye jengo, nasi tulimtwika Shababi mifuko miwili kwa safari moja, ilhali kila mfuko una kilo 50. Jioni, badala ya kupumzika, alitolewa ufuoni akafanyishwa mazoezi ya mbio. Juma la nne likatokea jeraha chini ya shogi, dogo kama sarafu, kisha likapanuka.

Hapa ndipo penye aibu yetu. Kijana aliliona akalifunika kwa kitambaa, akichelea kuzuiwa asishindane. Sisi wazazi nasi tulikwisha kuliona, tukanyamaza, tukichelea kuipoteza kazi. Kila mmoja alidhani anamficha mwenzake. Usiku mmoja, tukiwa tunakula, binti yetu mdogo akauliza, “Baba, kwani kidonda cha Shababi hakimuumi?” Hakuna aliyepata jibu, wala aliyeweza kuendelea na chakula chake.

Asubuhi tulimpeleka kwenye hospitali ya punda iliyoko hapo pwani, ambayo tangu mwaka 1987 inawatibu wanyama hawa bila malipo. Mtaalamu aliliosha jeraha, akatuamuru tusimwekee shogi wala mtu mgongoni mpaka apone kabisa. Akatukumbusha kuwa punda asiyetimiza miaka minne mifupa yake haijakomaa, na haifai kupandwa wala kubebeshwa mizigo mizito. Kijana akauliza kwa sauti ndogo, “Na Maulidi?” Mtaalamu alimtazama punda, kisha akatutazama sisi.

Kazi ya saruji ikaenda kwa wengine. Kijana wetu akawa hatoki nje, kwa kuwa wenzake walimcheka. Hapo tukaona haki haitimii kwa kumtaka mtoto asubiri tu, ilhali kosa kubwa lilikuwa la wakubwa. Tulikwenda barazani baada ya Isha, tukasema mbele ya jirani zetu kuwa sisi ndio tuliomuumiza mnyama kwa tamaa ya kazi. Maneno hayo yalikuwa mazito kuliko mfuko wa saruji. Lakini kesho yake kijana alitoka.

Ndugu wazazi, katika Sahihi Bukhari imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwashindanisha farasi. Waliokwisha kutayarishwa walikimbia kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, mwendo wa maili tano au sita. Wasiotayarishwa aliwapa mwendo kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, yapata maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Habari hii tulikuwa tukiisikia tangu chuoni, ila hatukuwahi kuipima na nyumba yetu. Mashindano hayakukatazwa, lakini kila mmoja alipewa masafa ya nguvu zake, na asiyetayarishwa hakudaiwa maili za aliyetayarishwa. Tuwatazame basi wanyama wetu kwa jicho hilo, na watoto wetu pia, ambao mara nyingi huwatwika matumaini yetu kabla mabega yao hayajakomaa.

Siku ya mbio tulisimama ukingoni tukawashangilia watoto wa jirani. Kijana wetu alichelewa kufika, kwani alikuwa akimsafisha Shababi jeraha. Sasa limefunga, na manyoya yameanza kuota. Tumekwisha kuafikiana kuwa akianza tena kazi atachukua mizigo myepesi, na shogi lake tumelitilia matandiko laini. Mwakani, inshallah, atakuwa amepita miaka minne. Kijana hajatamka tena neno la mashindano, nasi hatujamuuliza. Ila kila alfajiri, akitoka msikitini, hupita kwanza kwa Shababi na kumpapasa mgongo kwa kiganja, taratibu, kabla ya kuingia ndani kunywa chai.

Wabillahi tawfiq.