Kabla ya kukopa pampu, tupige hesabu

Ukiwa Guta, wilayani Bunda, wakati mvua imekatika, utaumia moyo. Mahindi yananyauka huku maji ya Ziwa Victoria unayaona kwa macho. Ni rahisi wakulima kuunda kikundi na kukimbilia mkopo wa pampu.

Wazo ni zuri. Kosa ni kukopa kwanza na kupiga hesabu baadaye.

Tuchukue mfano wa kikundi chenye ekari 12. Siku ya jua kali mahindi yaliyokomaa majani huweza kutumia milimita 5 za maji. Kwa ekari moja hizo ni lita 20,000 hivi, na kwa ekari 12 ni lita 240,000. Pampu inayotoa lita 20,000 kwa saa italazimika kunguruma saa 12 kwa siku, bila kuhesabu maji yanayopotea njiani. Mafuta hayo atalipa nani?

Kweli, mvua nayo itasaidia, lakini haina ratiba. Hapo ndipo kompyuta inapotufaa. Mwaka 2009 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa programu ya AquaCrop, ambayo hupatikana bure. Inafanya kazi kama mweka hazina: kila siku huingiza mvua na maji ya umwagiliaji, hutoa yaliyotumiwa na mmea na yaliyokauka, kisha huonyesha salio la udongoni na mavuno ya kutarajia. Mtaalamu anaweza kuipitisha kwenye misimu 20 iliyopita na kuona ni mingapi ambayo mkopo ungelipika. Hasara ya ndani ya kompyuta haiuzi ng'ombe wa mtu.

Hata hivyo, programu si mganga. Ukiipa mvua ya kituo cha Musoma, itakupa majibu ya Musoma, si ya Guta.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kila kijiji kiwe na kipima mvua, na mtu wa kuandika kila siku saa 3 asubuhi. Halmashauri impe ofisa ugani kompyuta na mafunzo. Na anayekopesha adai hesabu hizi kabla ya kutoa fedha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mkulima, mvua ni mali.