Hukumu ya Saa Mbili

Imekuwa desturi miongoni mwa wapenzi wa michezo ya video kwamba, kila unapotoka mchezo mpya wa njozi, wenye mapanga na mazimwi na falme zilizoanguka, jua la siku ile ya kwanza halizami kabla hukumu yake haijapitishwa, ikaenezwa, ikakaririwa na watu ambao hata kuugusa hawajaugusa. Na dhana inayoibeba desturi hiyo ni moja, nayo ni kwamba hisia ya kwanza haidanganyi, na kwamba mtu mzoefu akishauchezea mchezo saa mbili amekwisha kuyajua yaliyomo. Dhana hiyo naipinga. Siipingi kwa kuwahurumia watengenezaji, ambao wengi wao ni makampuni yenye mali na wasemaji wa kutosha kujitetea. Naipinga kwa sababu ni batili kwa aina hii ya mchezo, na ubatili wake umekwisha kudhihirika mbele ya macho yetu zaidi ya mara moja.

Zingatia kwanza tabia ya mchezo wenyewe. Mchezo wa kandanda au wa mbio za magari humwonyesha mchezaji takriban kanuni zake zote katika mechi ya kwanza au ya pili, na yanayosalia ni kuongeza ustadi. Walakini mchezo wa kuigiza mhusika, ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa kubuni, akamlea kutoka katika unyonge hata akapata nguvu, akamchagulia maneno yake, maswahiba zake na maadui zake, umejengwa kwa makusudi ili mwanzo wake usifanane na kati yake, wala kati yake isifanane na mwisho. Silaha iliyoonekana nzito na isiyo na faida katika saa ya kwanza huja ikawa ndiyo tegemeo. Ahadi aliyopewa mwanakijiji mmoja bila ya kufikiri huja ikadaiwa baada ya saa arobaini. Na unyonge ule wa mwanzo, ambao mwenye haraka huuita kasoro, ndio unaomfanya mchezaji azihisi nguvu za baadaye kuwa ni nguvu. Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa jambo hili, kwa kuwa tenzi zetu kongwe zimelifuata karne kwa karne: malenga huanza kwa jina la Mola, akamsifu, akamsalia Mtume, akaagiza karatasi na wino, akaeleza nia yake, na beti nyingi hupita kabla farasi wa kwanza hajatandikwa wala upanga wa kwanza haujafutwa. Msikilizaji aliyeinuka mkekani dibaji ilipokwisha, akenda barazani kuwaambia watu kwamba utenzi ule hauna vita, hakusema uwongo juu ya alichokisikia. Lakini alichokisikia si utenzi.

Katika mifano yote niijuayo, hakuna uliowaumbua wenye haraka kama Demon's Souls, mchezo wa kampuni ya FromSoftware ya Tokyo, ulioongozwa na Hidetaka Miyazaki na kutolewa Japani mwezi wa Februari 2009 kwa ajili ya PlayStation 3, mtambo wa Sony. Shuhei Yoshida, ambaye wakati ule alikuwa mkuu wa studio za Sony ulimwenguni, amesimulia mwenyewe hadharani kwamba aliujaribu ulipokaribia kukamilika, akaucheza kwa muda wa karibu saa mbili, na saa hizo zilipokwisha alikuwa angali pale pale mwanzoni. Basi akakata shauri kwamba ni mchezo mbaya mno, akauweka kando. Jarida la Famitsu, ambalo alama zake za juu kabisa ni 40, liliupa 29. Sony ikaacha kuutoa Marekani na Ulaya, hata ikabidi kampuni ya Atlus iuchukue kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, na Namco Bandai iufikishe Ulaya mwaka 2010.

Na ni kitu gani hasa alichokihukumu bwana yule mkubwa katika saa zake mbili? Mchezo ule humleta mchezaji, tangu katika utangulizi wake, mbele ya jimwi ambalo aghalabu humwua papo hapo, kisha humtupa katika ngome ya Boletaria bila ya kumruhusu kujiongezea nguvu hata chembe mpaka amshinde bosi wa kwanza, Phalanx. Roho anazozikusanya kwa kuwaua askari wa ngome huwa mali yake, lakini akifa huzipoteza, nazo hubakia pale alipoangukia, na sharti azifuate tena kwa njia ile ile, kati ya maadui wale wale waliofufuka, na akifa njiani kabla ya kuzifikia zimekwenda moja kwa moja. Ni baada tu ya kumwangusha Phalanx ndipo mwanamwali wa vazi jeusi humkubalia abadilishe roho zile kuwa nguvu za mwili, na hapo ndipo mchezaji anapong'amua ni kwa nini alifundishwa tahadhari kwa adhabu kali kiasi kile, na ni kwa nini kila kona ya ngome ile ilitakiwa ijulikane kwa moyo. Maana yake ni kwamba kanuni iliyo kiini cha mchezo wote ilikuwa bado nyuma ya mlango uliofungwa, ilhali hukumu ilikwisha kutoka. Na aliyeitoa hakuwa mtoto wala mgeni wa fani, bali ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuitambua michezo mizuri kabla ya watu wengine. Uzoefu haukumfaa kitu, kwa kuwa uzoefu humjulisha mtu yale yanayofanana na aliyokwisha kuyaona, na mchezo ule haukufanana na kitu.

Yaliyofuata yanajulikana. Tovuti ya GameSpot iliuchagua kuwa mchezo bora wa mwaka 2009. Mbegu yake ikazaa Dark Souls mwaka 2011, na hatimaye Elden Ring, uliotoka tarehe 25 Februari 2022 na kuuza nakala zaidi ya milioni 12 kabla mwezi wa Machi haujaisha. Na Sony yenyewe, ilipoufungulia ulimwengu mtambo wake wa PlayStation 5 mwezi wa Novemba 2020, iliuweka mbele Demon's Souls uliojengwa upya, ule ule iliokuwa imeukataa, kuwa miongoni mwa michezo ya kuuzia mtambo huo.

Watu watasema kwamba huo ulikuwa mchezo wa shani usiopaswa kufanywa kipimo, na kwamba kwa jumla, ikiwa hisia ya kwanza ni njema, basi na mengine ni mema. Hasha. The Elder Scrolls V: Skyrim ulitoka tarehe 11 Novemba 2011 ukapokewa kwa shangwe, na shangwe ile ilistahiki, lakini walioununua kwa ajili ya PlayStation 3 walikutana na msiba ambao hapana saa ya kwanza ambayo ingeweza kuufichua, kwani kadiri walivyozidi kucheza, na faili la kuhifadhia safari yao likazidi kunenepa kwa kumbukumbu za yote waliyoyagusa na kuyageuza katika nchi ile, ndivyo mtambo ulivyozidi kuelemewa, hata picha ikawa inakwama na kukatika na mchezo haufuatiki tena. Yaliniudhi sana mambo hayo, kwa sababu kasoro ile iliwachagua wapenzi wa kweli: aliyeonja tu aliusifu akenda zake, na aliyeuhamia kwa moyo wake wote ndiye aliyeadhibiwa. Hata nyongeza ya mchezo huo iitwayo Dawnguard, iliyowafikia watu wa mtambo wa Xbox 360 mwezi wa Juni 2012, haikuwafikia wale wa PlayStation 3 mpaka Februari 2013.

Tena kuna jambo ambalo wenye kuamini saa za mwanzo hawalitafakari, nalo ni kwamba watengenezaji wanazijua saa hizo kuliko wao. Tangu mwezi wa Juni 2015 duka la Steam humrudishia mnunuzi fedha zake akiomba ndani ya siku 14 za kununua, naye hajacheza zaidi ya saa mbili. Na maadamu mizani imewekwa hapo, mfanyabiashara mwenye akili hupeleka mapambo yake hapo. Baldur's Gate 3 wa studio ya Larian, ya Ghent katika Ubelgiji, ni katika kazi tukufu za fani hii, na nautaja kwa heshima. Lakini tazama njia uliyopita: tarehe 6 Oktoba 2020 uliuzwa ungali haujakamilika, sehemu ya kwanza tu ya hadithi ikiwa wazi, na kwa muda wa karibu miaka mitatu wachezaji waliipita sehemu ile tena na tena, wakaeleza kasoro zake, nayo ikarekebishwa, hata mchezo mzima ulipotoka tarehe 3 Agosti 2023 mwanzo wake ulikuwa umesuguliwa ukang'aa. Sehemu ya tatu, ya ndani ya mji wenyewe wa Baldur's Gate, haikupata bahati hiyo. Huko mitambo ilichechemea, baadhi ya visa vikakatika katikati, na kiraka juu ya kiraka vikahitajika kuitengeneza. Sifa za wiki ya kwanza zilikuwa, kwa sehemu kubwa, sifa za mahali ambapo wengi walikwisha kufanya kazi ya kupasafisha.

Najua hoja iliyo nzito zaidi dhidi yangu, na sitaki kuipitia mbali. Mtu hana umri wa kutosha kuupa kila mchezo saa arobaini ndipo auamue, wala hana fedha. Na kijana wa Mombasa au wa Dar es Salaam, anayetakiwa atenge gigabaiti 150 katika kompyuta yake kwa ajili ya huo Baldur's Gate 3, na kuuvuta kwa bando alilolinunua kwa jasho lake, anayo haki ya kutaka kuambiwa mapema kama taabu hiyo ina malipo. Ni kweli anayo. Lakini ni nani anayedhulumiwa zaidi na hukumu ya haraka kama si yeye? Fedha za mchezo huweza kurudishwa dukani. Za bando hazirudi. Akiambiwa siku ya kwanza na mtu wa saa mbili kwamba mchezo ni bora, akauvuta, kisha ukamwangukia katika saa ya thelathini, hana wa kumdai; na akiambiwa ni takataka, akauacha, huenda amejinyima kitu ambacho kingemkaa moyoni kwa miaka. Mwenye fedha chache ndiye anayehitaji ushahidi ulio sahihi, wala si ule uliowahi tu.

Na ushahidi ndilo jambo ambalo saa za kwanza zinaweza kulitoa kwa haki. Dragon's Dogma 2 ulipotoka tarehe 22 Machi 2024, wachezaji wa kompyuta walisema siku hiyo hiyo kwamba mchezo unakwama waingiapo katika mji wa Vernworth, kwa jinsi watu wa mji ule walivyokuwa wakiulemea mtambo, na kwamba kampuni ya Capcom, iliyoutoa, inauza kwa fedha za ziada vitu ambavyo mchezaji huweza kuvipata mwenyewe ndani ya mchezo. Walisema kweli, na walifanya wajibu wao kusema. Waliosema mwaka 2010 kwamba Final Fantasy XIV ni mbovu walisema kweli pia, hata kampuni yake ya Square Enix ikaomba radhi, ikaukabidhi mikononi mwa Naoki Yoshida mwezi wa Desemba mwaka ule, ikauzima Novemba 2012, na kuutoa upya Agosti 2013 kwa jina la A Realm Reborn, ukiwa mchezo mwingine uliopendwa na umma mkubwa. Habari ya mwaka 2010 ilikuwa sahihi kwa mwaka 2010. Aliyeendelea kuikariri baada ya 2013, bila ya kurudi kutazama, hakuwa tena shahidi wa kitu chochote.

Ndiyo maana nauona utaratibu wa duka la Steam wa kuhesabu vidole, kimoja juu na kimoja chini, bila ya kupima aliyekiinua alicheza kiasi gani, kuwa ni dhuluma kwa pande zote mbili. Kwa maana kura ya aliyefika mwisho na kura ya aliyeishia langoni huingia katika asilimia ile ile kwa uzito ule ule, kisha asilimia hiyo husomwa kana kwamba ni rai ya watu waliosikilizana. Na wanaotengeneza video za siku ya kwanza wanajua kwamba watazamaji huja wiki ile na hutawanyika wiki ya tatu. Basi hukimbia, na wakikimbia hutuburuta na sisi.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayecheza, mchezo mwingine wa aina hii utakapotoka, andika uliyoyaona: mtambo ulioutumia, saa ulizocheza, mahali ulipofika katika hadithi, kilichokwama na kilichokufurahisha, na maneno ya kusema kwamba mchezo wote ni bora au wote ni mbovu yaweke mpaka uwe umeucheza wote, au japo umeivuka nusu yake. Nawe unayesoma rai za wenzako kabla ya kununua, anza kwa kutazama saa zao, ambazo Steam huziandika pamoja na kila rai. Ukikuta ni mbili, zipokee habari za saa mbili hizo kwa shukrani, na hukumu iliyoambatishwa nazo usiichukue.