Vitambaza vya Bonde la Wahgi

Wako wanaodhani kwamba lugha yenye wasemaji wachache ni pambo tu la isimu, wala si msingi wake. Dhana hiyo yakanushwa na sauti moja ya nyanda za juu za Papua Guinea Mpya.

Sauti /l/ ya Kiswahili ni kitambaza: ncha ya ulimi hugusa ufizi, nayo hewa hupita kandoni mwa ulimi. Katika Kiwahgi, lugha ya bonde lililo mashariki ya Mlima Hagen, vitambaza ni vitatu, na tofauti zake hupambanua maana za maneno. Cha kwanza hutamkwa kwa bapa la ulimi kwenye meno. Cha pili kwa ncha ya ulimi kwenye ufizi, kama chetu. Cha tatu kwa sehemu ya nyuma ya ulimi kwenye kaakaa laini, pale pale tutamkapo /k/ na /g/.

Mwaka 1968 Noam Chomsky na Morris Halle, katika kitabu chao mashuhuri juu ya fonolojia ya Kiingereza, walipanga sifa bainifu zilizokusudiwa kutosheleza lugha zote. Humo kitambaza kilifungwa kwenye sauti za mbele ya ulimi peke yake. Mwaka 1977 Peter Ladefoged na wenzake walichapisha uchunguzi wa vitambaza, vya Kiwahgi vikiwamo, na mpaka huo ukaonekana kuwa ulichorwa kwa haraka. Wakulima wa viazi vitamu walikuwa wakiuvuka kila siku walipozungumza na watoto wao.

Sisemi kwamba nadharia haina faida. Pasipo mpaka, nani angetambua kuwa umevukwa? Nasema kwamba kanuni ya lugha zote isiyopimwa kwa lugha ndogo ni dai tu.

Kazi ya kupima haingoji. Mtoto wa Wahgi akuaye kwa Tok Pisin peke yake hurithi kitambaza kimoja badala ya vitatu. Nasi Tanzania tunazo Kiiraqw, Kisandawe na Kihadza, zenye vitambaza vya kukwaruza ambavyo Kiswahili hakina. Hapana budi vijana wa lugha hizo wenyewe wafundishwe fonetiki na kupewa vinasa sauti, wangali wapo wazee wa kuwasahihisha. Maandishi hutuhifadhia maneno. Matamshi yataka kinywa kilicho hai.